Upanga wa Bibi wa Lango

Taa za ukumbi zilipozimwa, mtafiti aliwasha tochi yake ya mwanga wa zambarau na kuielekeza ukutani, kwenye mkono wa kulia wa Bibi wa Lango. Bi Brashi, aliyekuwa amesimama naye juu ya jukwaa la mbao, aliona kitu ambacho hakutaka kukiona. Mwili wote wa yule bibi wa kuchorwa, uso, joho, hata vidole, ulikuwa unang'aa kwa mwanga hafifu wa ukungu. Upanga peke yake ulikuwa mweusi tii.

"Umeona?" mtafiti aliuliza.

"Nimeona."

"Rangi ya zamani inang'aa kidogo chini ya taa hii. Rangi mpya haing'ai. Huu upanga hauna hata miaka hamsini."

Bi Brashi aliinama karibu na ukuta. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa karakana kwa kuwa hakuna siku aliyoonekana bila brashi nyuma ya sikio. Wapo wanaosema alikuwa nayo hata siku ya harusi yake, ila hapo wanatia chumvi. Kazi yake ilikuwa kutunza ukuta huu na kuta nyingine tatu za ukumbi wa makumbusho, na alijua kila ufa wake. Upanga ule alikuwa ameupita mara elfu, na hata siku moja hakuwahi kuutilia shaka.

"Nani aliujaza?" mtafiti aliuliza tena.

Swali hilo halikuwa na haja. Juu ya mlango wa karakana kulikuwa na jina la mtu mmoja kwa herufi za shaba, na kila mgeni aliyepita alilisoma.

"Baba yangu," Bi Brashi alisema.

Mtafiti akawasha taa. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyependa maneno mengi, lakini hakuwa mtu mbaya. "Sina ugomvi na mzee wako. Ila sheria ya kazi yenu unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Sehemu ya picha ya kale ikibomoka na ikabidi kuijaza, fundi huijaza kwa mistari myembamba ya wima, mistari ya unene wa unywele, mmoja ubavuni mwa mwingine. Aliye mbali anaona picha nzima. Anayesogea karibu anaiona mistari na kujua kwamba hapa ni mkono wa fundi, si mkono wa mchoraji wa zamani. Kujaza bila mistari ni wizi. Maneno hayo yalikuwa ya baba yake mwenyewe, na alikuwa akiyasema huku anagonga meza. Juu ya upanga hapakuwa na mstari hata mmoja. Rangi ilikuwa imelala bapa, laini, kutoka kwenye ngumi mpaka kwenye ncha.

"Aliyejaza bila kuweka alama alikusudia kudanganya," mtafiti alisema. "Nitaandika hivyo. Bodi inakaa keshokutwa saa nne asubuhi."

Mtu mgeni anaweza kujiuliza kwa nini watu wazima wakose usingizi kwa sababu ya upanga wa rangi. Jibu ni kwamba mji mzima ulikuwa umening'inia kwenye upanga ule. Kila mtoto alikua akisimuliwa kwamba miaka mia sita iliyopita adui aliuzingira mji, wanaume wakachoka, ndipo mjane mmoja akachukua upanga wa marehemu mume wake, akapanda juu ya lango na kumkata kichwa jemadari wa maadui, jeshi zima likatimua mbio. Upanga huo uko kwenye nembo ya manispaa, kwenye beji ya shule ya wasichana, na kwenye jezi za timu ya mpira, ambayo kwa bahati mbaya yenyewe haijawahi kumtimua mtu yeyote.

Hiyo ni hadithi. Historia ni fupi mno. Katika kumbukumbu za baraza la mji za mwaka ule kuna sentensi moja tu: mjane mmoja "alisimama langoni siku tatu", na baraza linamshukuru. Basi. Jemadari hayumo, kichwa hakimo, upanga haumo. Miaka michache baadaye mchoraji asiyejulikana akamchora mjane huyo ukutani, pengine akiwa bado anamkumbuka kwa sura. Ndiyo maana wasomi walipobishana, wote waliishia kuunyooshea kidole ukuta: kama hakuwa na upanga, mbona ameushika? Picha ndiyo iliyokuwa shahidi pekee. Sasa ilionekana kwamba shahidi amefundishwa la kusema.

Jioni hiyo Bi Brashi alikwenda kwa baba yake, nyuma ya kituo cha basi, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Watu walimwita Mzee Chokaa, kwa sababu ya nywele na kwa sababu ya kucha. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, macho yalikuwa yamemchoka, na alikuwa amekaa na redio mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Baba, ule upanga wa Bibi."

Mzee alipunguza sauti ya redio. Hakuuliza upanga gani wala una nini. Hilo ndilo lililomtia bintiye wasiwasi.

"Niliujaza mimi," alisema. "Miaka arobaini na mmoja iliyopita. Lipu ilikuwa imedondoka kuanzia kwenye ngumi kwenda juu."

"Bila mistari?"

"Itakuwa nilisahau."

"Wewe? Usahau mistari?"

"Binadamu, nikasahau. Ajabu iko wapi?"

Bi Brashi alimtazama. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumfutisha anga nzima ya ukuta wa mashariki, kazi ya mwezi mzima, kwa sababu mistari yake ilikuwa imelalia upande. "Baba, nitazame. Mtafiti ataandika kwamba umedanganya. Watalitoa jina lako pale mlangoni. Watakuita tapeli."

"Niko themanini na mmoja. Wataniita kwa miaka mingapi?" Mzee akacheka peke yake. Alipoona bintiye hacheki, akaacha. "Usichimbe, mwanangu. Nimesema ni mimi, yaishe."

"Yaishe vipi? Maisha yako yote uliniambia..."

"Nimesema usichimbe."

Akaongeza sauti ya redio. Bi Brashi aliondoka bila kuaga vizuri. Njiani alihisi aibu, na aibu yenyewe ilikuwa juu ya baba yake, kitu ambacho hakuwahi kukihisi tangu azaliwe. Alikuwa amemwamini mtu huyu kuliko kitabu chochote. Ikiwa alidanganya kwenye ukuta ule, basi kwenye kuta nyingine alifanya nini?

Asubuhi yake mkurugenzi wa makumbusho alimwita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Alikuwa mtu wa tabasamu la haraka, na siku hiyo tabasamu lilikuwa kubwa kuliko kawaida.

"Mzee ametuokoa," alisema. "Amefika hapa saa mbili, kwa miguu yake, ametoa maelezo, na barua ameitia saini. Anakiri kwamba alijaza na kuficha kwa makusudi. Kesho tunaisoma, tunalitoa jina, tunafunga faili. Muungwana sana baba yako."

"Kwa makusudi? Jana aliniambia alisahau."

Mkurugenzi akainua mabega. "Mimi naamini saini."

Bi Brashi alishuka ngazi na kuingia ukumbini, akaweka kibao cha "Pamefungwa" mlangoni, akapanda jukwaa. Hakuwa na ruhusa ya kugusa ukuta kabla ya kikao cha bodi, na alijua hivyo. Alisahau, halafu alikusudia, katika siku moja. Mtu hasahau kitu alichokikusudia. Alitaka aione rangi ya baba yake kwa macho yake, ajue moja.

Aliviringa pamba kwenye kijiti, akaichovya kwenye dawa, akaipitisha kwenye ncha kabisa ya upanga, mahali padogo kuliko ukucha. Rangi ilitoka mara moja. Ilitoka upesi kupita kiasi. Rangi ya Mzee Chokaa alikuwa akiichanganya kwa mkono wake, na ilikuwa sifa yake kwamba ikishika imeshika. Hii iliteleza yote na kubaki kwenye pamba. Na chini yake, imesimama wima, myembamba, safi, ikatokea mistari.

Alicheka kwa sauti, peke yake pale juu. Baba yake alikuwa hajadanganya. Aliweka alama yake kama alivyofundisha, kisha mtu mwingine akaja kuifunika. Kiherehere kikampanda. Alitaka kumjua mtu huyo, amburute kwa jina mbele ya bodi.

Kumjua hakukuwa kazi. Karakana ilikuwa na daftari la kazi, na kila aliyegusa ukuta wowote aliandika ndani yake tarehe na alichofanya. Alilileta, akaketi kwenye ubao wa jukwaa, miguu ikining'inia, akaanza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Miaka kumi, hakuna. Kumi na tano, hakuna. Alipofika miaka ishirini na mitatu nyuma, alikuta wiki tatu ambazo Mzee Chokaa alikuwa hospitali akipasuliwa ngiri. Katika wiki ya pili kulikuwa na mwandiko wa duara, wa mtu aliyetoka shule juzijuzi: "Nimeosha ukuta wa kaskazini. Upanga una mikwaruzo mingi sana, nimeiziba yote. Sasa uko safi."

Mwandiko ulikuwa wake.

Aliusoma mara tatu, labda ungebadilika. Alikuwa na miezi miwili tu kazini, katika miezi sita ya majaribio, na rangi za kununua dukani. Hakuna aliyekuwa amemfundisha habari za mistari. Aliona mikwaruzo, akaiziba, tena akajisifu kwa maandishi, kisha akaisahau kabisa.

Na mistari alifundishwa lini? Hilo nalo alilikumbuka, na likamuuma kuliko yote. Alifundishwa siku ile ile baba yake aliporudi kutoka hospitali. Mzee alikuwa ameingia ukumbini akiwa ameshika tumbo, akasimama chini ya Bibi kwa muda mrefu, kisha akamwita karakana na kumfundisha mistari mpaka jua likazama, huku anagonga meza kwa ngumi. Yeye alidhani ni maumivu ya mshono. Kumbe mzee alikuwa ameshaona. Angesema, binti angefukuzwa siku hiyo hiyo. Na angerekebisha kimya kimya, angelazimika kuandika daftarini amerekebisha nini na aliyeharibu ni nani. Kwa hiyo aliuacha upanga hivyo hivyo, na leo alikuwa tayari kuitwa tapeli.

Bi Brashi alikaa na daftari mapajani. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: mawazo mabaya yalimjia, na aliyakaribisha. Angeweza kusema rangi ya juu ni moshi na vumbi la miaka. Baba angesafika, yeye angesalimika, na nani angebisha? Kilichobisha kilikuwa ukurasa mmoja tu. Akaushika kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo, mpaka akasikia uzi wa daftari unalia. Kisha akaacha. Si kwa ushujaa. Alifikiria ile tochi ya zambarau na yule mwanamke mkavu, akajua kwamba uongo huo ungehitaji mwingine kesho, na mwingine keshokutwa, na yeye si hodari wa kuongopa.

Siku ya kikao, wajumbe watano walikaa kwenye meza ndefu ukumbini, Bibi wa Lango akiwa juu yao. Mzee Chokaa alikaa mwisho wa meza amevaa koti lake la siku za kupewa tuzo. Bintiye alikaa mbali naye, daftari likiwa chini ya kiti.

Mkurugenzi alisimama na kusoma barua. "Mimi, niliyekuwa fundi mkuu, nakiri kwamba niliujaza upanga na kuficha kwa makusudi ukweli..."

"Barua hiyo si kweli," Bi Brashi alisema.

Vichwa vyote vikageuka. Mzee naye akageuka, na uso wake ulikuwa na hofu.

"Kaa chini, mwanangu," alisema kwa upole.

"Sikai, baba."

"Nakuomba."

Sauti hiyo ilikaribia kumkalisha. Hakuwahi kusikia baba yake akimwomba kitu. Alifungua daftari na kusoma alichoandika miaka ishirini na mitatu iliyopita, neno kwa neno, mpaka "sasa uko safi". Alieleza kwamba jana alifungua mahali kwenye ncha bila ruhusa, na akaeleza alichokiona. Mtafiti hakungoja amalize. Alikuwa ameshapanda jukwaa na lenzi yake.

"Endelea kusafisha," alisema kutoka juu. "Mbele yetu."

Bi Brashi akapanda. Alisafisha eneo la upana wa kiganja huku wajumbe wamekusanyika chini, shingo zimewapinda. Mistari ikatokea safu kwa safu. Mtafiti akaikagua kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Mzee alikuwa safi. Nitaibadilisha ripoti yangu."

Bodi haikuchukua nusu saa. Jina lingebaki mlangoni. Bi Brashi angesimamishwa kazi kuanzia siku hiyo mpaka hapo itakapoamuliwa vingine. Mkurugenzi alikuwa ndiye mwenye furaha kuliko wote. "Na upanga unabaki," alisema akikusanya makaratasi. "Fundi alijaza, akaweka alama, hakuna aliyedanganywa. Ni makosa ya mwanafunzi tu." Wajumbe wakaanza kusogeza viti.

Mzee Chokaa aliomba asaidiwe kupanda. Alipanda ngazi moja moja, akahema, akafika alipokuwa bintiye. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta, akaitazama mistari yake. Bi Brashi alingoja kugombezwa. Au kushukuriwa. Kwa kweli alitaka kushukuriwa, na alitaka na yeye ashukuru.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Miaka yote hiyo unanilinda, hukuniambia."

"Sikuwa nakulinda wewe peke yako."

Hakuelewa. Mzee alitazama chini, ambako watu walikuwa wanaagana, kisha akanong'ona. "Lipu haikudondoka yote. Juu ya ngumi kulibaki kipande, urefu wa kidole hivi. Kilikuwa na picha. Kitu cha rangi ya kahawia. Hakikuwa chuma, mwanangu, mtoto mdogo angeona si chuma. Lakini mji mzima ulikuwa unasubiri upanga, manispaa, shule, kila mtu, na mimi pia nilikuwa nautaka. Nikapaka juu yake. Nikaweka na mistari yangu vizuri, nionekane mkweli."

Bi Brashi alishika nguzo ya jukwaa. Hasira ilimpanda. Usiku kucha alikuwa amemlilia mtu huyu kama mtakatifu, na asubuhi hii amesimamishwa kazi kwa ajili yake.

"Ulipoona nimeifunika..."

"Niliona nafuu," mzee alisema. "Mungu anisamehe, niliona nafuu. Niliwaza, sasa hakuna atakayechimba."

Chini, mjumbe wa kwanza alikuwa ameshafika mlangoni.

"Ungenyamaza tu," Bi Brashi alisema. "Wameshakusafisha. Hakuna ambaye angejua."

"Na wewe ungenyamaza."

Walitazamana. Alimpenda na kumchukia kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuchagua. Kisha akageuka na kuita ukumbini, "Naomba msiondoke. Mzee ana neno."

Mzee Chokaa alilisema mwenyewe, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Mkurugenzi aliinua mikono yote miwili. "Mzee, hebu fikiria kwanza."

"Nimefikiria miaka arobaini na mmoja."

Mtafiti alimtazama Bi Brashi, mfanyakazi aliyesimamishwa dakika chache zilizopita, akampa ishara ya kichwa. Safari hii rangi haikutoka upesi. Ilishika kama ilivyokuwa sifa yake, na pamba baada ya pamba ilibidi itupwe. Mzee alisimama pembeni akimpa mpya. Mistari ikalegea, ikafifia, na juu ya ngumi kikatokea kitu kifupi, cha kahawia, kilichopinda kidogo.

"Ni nini hicho?" mkurugenzi aliuliza kutoka chini.

Mtafiti aliweka lenzi, akaondoa, akaiweka tena. "Sijui."

"Mpini wa jambia?"

"Sijui. Kinaweza kuwa fimbo. Kinaweza kuwa kamba, au kipande cha mkate."

"Sasa wananchi tuwaambie nini?"

"Kwamba alisimama langoni siku tatu, na mkononi alikuwa na kitu."

Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha karibu. Mzee Chokaa alikuwa bado ameshika pamba ambayo haikuhitajika tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta.

"Samahani, mama," alisema.

Bintiye alidhani anaongea na mtafiti, mpaka alipoona kwamba uso wake ulikuwa umeelekea ukutani.